Siku Bwawa la Bi Lorna Lilipotoka Nje

Niseme mapema, nisije nikaulizwa: mimi, Delfina, sijui kuogelea. Wifi yangu Maricruz naye hajui. Watu wakisikia kwamba wanawake wawili wanaosafisha mabwawa ya kuogelea ya nusu ya mji wa Mesa, huku Arizona, hawawezi hata kuelea, hucheka mpaka wanashika ukuta. Nami huwauliza, kwani mpishi wa harusi ndiye anayeolewa?

Leo tuna pikapu tatu na simu isiyonyamaza. Lakini kiangazi kile tulipoanza tulikuwa na pikapu moja, yenye mlango usiofunguka kwa ndani, na wifi ambaye nilikuwa sijasalimiana naye vizuri tangu Krismasi aliposema mbele ya ukoo mzima kwamba tamale zangu, ule unga wa mahindi wenye nyama ndani, ni kavu. Tamale zangu si kavu. Hilo tuliache.

Kabla ya hapo nilisimama miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mabwawa. Kazi yangu ilikuwa kupima maji. Watu walikuja na maji yao kwenye chupa za soda, kwenye mitungi ya maziwa, mmoja alikuja nayo kwenye buti. Natia matone, natazama rangi, nasema: klorini imepungua, asidi imezidi, rudi nyumbani ukafanye hivi na hivi. Niliyajua maji ya watu kuliko nyuso zao. Mabwawa yenyewe nilikuwa siyaoni. Nilikuwa kama mtu anayesoma barua za mapenzi za wenzake.

Asubuhi moja ya Juni, mzee mmoja kwenye foleni akaweka ndoo yake ya klorini chini, akajishika magoti. Alikuwa Mzee Harlan, aliyesafisha mabwawa tangu mimi nikiwa na meno ya maziwa.

"Mimi basi," akasema, si kwa mtu yeyote hasa. "Haya magoti yameshaniaga. Nani anaitaka njia yangu?"

Njia, kwa watu wa kazi hii, ni zile nyumba unazozipitia kila wiki. Mtu akistaafu humwachia mwingine.

"Mimi," nikasema.

Naapa mdomo ulisema kabla kichwa hakijaulizwa. Mzee Harlan akageuka akanitazama. Meneja akanitazama. Hata mimi ningejitazama kama kungekuwa na kioo.

"Una gari?" akauliza mzee.

"Ninalo," nikadanganya.

Jioni ile ile nilikwenda kwa kaka yangu Tello, kwa sababu pikapu ilikuwa ya mkewe Maricruz, aliyoachiwa na baba yake. Nikaeleza. Tello akacheka akakohoa soda.

"Dada, kwa hasira zako hizo? Utawafukuza wateja wote, halafu ujifukuze na wewe."

Maricruz hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka hata kwenye foleni ya leseni. Alikuwa anamenya vitunguu. Akafuta mikono.

"Pikapu inakwenda ninapokwenda mimi," akasema. "Ukiitaka hiyo, wifi, umenitaka na mimi."

"Utakuwa msaidizi," nikasema.

"Nitakuwa dereva."

"Dereva msaidizi."

"Sawa, bosi," akasema, akanipigia saluti kwa kisu cha vitunguu.

Basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliaga dukani, na meneja, ambaye si mtu mbaya, akaniambia nafasi yangu itakaa wazi mpaka mwisho wa Julai. Baada ya hapo ataajiri mwingine. Alisema kwa huruma, kama mtu anayekutandikia kitanda cha hospitali kabla hujaugua.

Sasa, njia hairithiwi kama kabati. Wateja si wa Mzee Harlan, ni wa nafsi zao. Kwa hiyo desturi ni kwamba anayeondoka hupanda gari moja na anayeingia, wakazunguka pamoja wiki kadhaa, mpaka watu wazoee sura mpya. Siku zile zikiisha, kila mwenye nyumba husema ndiyo au hapana. Tukakaa watatu mbele: Maricruz kwenye usukani, mimi dirishani, na Mzee Harlan katikati na magoti yake yakigongana na gia. Maricruz alizungumza kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mzee Harlan, aliyekuwa amefanya kazi peke yake maisha yake yote, alianza kuchelewa kushuka ili asikie mwisho wa hadithi.

"Sikilizeni," akatuambia siku ya kwanza tulipoingia Mtaa wa Ocotillo. "Nyumba nyingi za njia yangu ziko mtaa huu. Mkiupata huu, mna biashara. Mkiukosa, mna pikapu."

"Na tutaupataje?" nikauliza.

Akaonyesha kidole nyumba nyeupe, ya juu kabisa pale mtaa unapoanza kuteremka. "Yule mama pale. Lorna Vandegrift. Akibadilisha rangi ya geti, wote wanabadilisha. Akimfukuza mtunza bustani, kesho yake huyo mtu hana kazi mtaa mzima. Mimi amenifukuza mara mbili."

"Ukarudije?"

"Nililia," akasema Mzee Harlan, na sikuweza kujua kama anatania.

Bi Lorna alitutokea na kofia nyeupe, mrefu, amenyooka. Hakusalimia. Alitoa sarafu mfukoni, akaitupa upande wa kina kirefu, akangoja itue.

"Imelala upande gani?" akaniuliza.

Nikainama. Maji yalikuwa safi. "Kichwa," nikasema.

"Siku nitakayouliza ukashindwa kunijibu, hiyo ndiyo siku yako ya mwisho. Mwisho wa Julai nitasema kama mnabaki." Kisha akamtazama Maricruz, aliyekuwa ameanza kumwambia mbwa wa nyumba ile habari ndefu kwa Kihispania. "Na huyo?"

"Msaidizi wangu," nikasema.

Maricruz hakusema neno mpaka wakati wa chakula. Kwake yeye huo ni ugonjwa. Niliona, na nikajifanya sikuona.

Kuhusu kazi yenyewe, Mzee Harlan alitufundisha mambo mengi, lakini moja alilirudia kila siku kama sala. Hapa jua hunywa maji ya bwawa mchana kutwa, kwa hiyo kila mara unaongeza kwa mpira wa bustani. Na kila msafisha mabwawa, hata awe hodari vipi, kuna siku ataufungua mpira, aanze kazi nyingine, apande gari aende zake, maji yakitiririka nyuma yake. Dawa ni moja: ukifungua bomba, tundika ufunguo wa gari hapo hapo bombani. Huwezi kuondoka bila ufunguo, na huwezi kuchukua ufunguo bila kuliona bomba.

"Desturi hii imeokoa ndoa," alisema.

Nikaishika. Maricruz alikuwa na ufunguo wake, mimi nilikuwa na ule wa pili, na kila nilipofungua maji nilitundika wangu. Mwone sasa mjinga alivyo na furaha yake.

Wiki ya mwisho ya Julai Mzee Harlan alishuka kwenye pikapu, akaenda kwa binti yake huko Oregon kubadilishwa goti. Tukabaki wawili. Na ndiyo wiki dhoruba ilipoamua kuja.

Ilikuja jioni, ukuta wa vumbi la kahawia kutoka kusini, mrefu kuliko majengo, ukameza milima, ukameza barabara, ukatumeza na sisi. Asubuhi yake umeme ulikuwa umekatika upande wetu wote, joto limefika nyuzi arobaini na sita kabla ya chakula cha mchana, na mabwawa yote ya Mesa yalikuwa chai ya maziwa. Majani, matawi, viti vya plastiki, kofia ya mtu. Simu zililia tangu alfajiri. Tulikimbia uani hadi uani, nyavu mabegani, jasho likitiririka mpaka kwenye soksi, na nitasema ukweli: sijawahi kufurahi vile. Kila mtu alitutaka. Watu walitufungulia mageti wakiwa na mataulo mabichi kichwani, wanatuita "wokovu." Nilikuwa nimevimba kichwa hasa.

Kwa Bi Lorna hakukuwa na mtu. Alikuwa amekimbilia mji jirani wa Scottsdale kwa bintiye, ambako viyoyozi vilikuwa vinafanya kazi. Maji ya bwawa lake yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa chujio. Nikavuta mpira, nikautumbukiza, nikafungua bomba lote, nikatundika ufunguo wangu. Nilifanya kila kitu sawasawa. Hilo liandikwe.

Halafu Maricruz akaanza hadithi ya shangazi yake Chabela.

"Wifi, si unajua ameolewa mara ya tatu?"

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini hujasikia bendi."

"Bendi imefanya nini?"

"Mpiga gitaa ni bwana wa kwanza."

Nikasimamisha wavu. "Weee!"

"Tarumbeta," akasema, akainua kidole, "bwana wa pili."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukavua majani tukicheka, tukasugua kuta tukicheka, tukatia klorini tukicheka. Bibi harusi anaingia kanisani, tarumbeta inalia, na si kwa mdundo, inalia kweli, kwa machozi, mpaka padri anamsihi mtu wa watu apumzike. Tulikusanya vitu tukiwa katikati ya harusi. Tukapanda garini tukiwa kwenye keki. Maricruz akawasha gari, kwa ufunguo wake, tukaondoka.

Mnaona? Desturi ya Mzee Harlan ilitungwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Hakuna aliyewaza juu ya mawifi wawili wenye funguo mbili.

Tulisafisha nyumba nyingine kadhaa mtaa wa pili na wa tatu, ambako maji hayakuhitaji kuongezwa. Tukaenda kwenye lile gari la kuuzia burrito, zile chapati za kukunjia nyama, linaloegeshwa karibu na kituo cha mafuta, tukaagiza za nyama kavu na mayai. Nilitaka kufungua sanduku la dawa nyuma ya pikapu, linalofunguka kwa ufunguo wa gari, nitoe glavu. Nikajipapasa mfuko wa kulia. Nikajipapasa wa kushoto.

"Maricruz," nikasema polepole. "Tumekujaje hapa?"

"Kwa pikapu," akasema, mdomo umejaa.

"Kwa ufunguo wa nani?"

Akaacha kutafuna. Nilimwona akiurudia mchana wote kichwani, harusi, keki, tarumbeta, mpaka akafika bombani. Burrito ikamponyoka.

Njiani tulitukanana vizuri kabisa.

"Nani alikuambia uwashe gari?"

"Na nani alipanda akakaa, akafunga na mkanda?"

"Wewe na shangazi yako!"

"Ulikuwa unasema 'endelea, endelea'! Nilikuwa naendelea!"

"Mtaa umekwenda, Maricruz! Umekwenda na maji! Jumatatu niko nyuma ya kaunta, napima mikojo ya mabwawa ya watu!"

Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikatazama nje.

Maji tuliyakuta kabla ya kuufikia mtaa. Yalikuwa yamejaza bwawa la Bi Lorna mpaka ukingoni, yakapita juu ya ukingo, yakavuka uwanja wake wenye changarawe, yakapita chini ya geti, yakashika mfereji wa barabara na kuteremka kwa raha mtaa mzima, yenye kumetameta. Na pande zote mbili za mfereji walikaa watu wa Mtaa wa Ocotillo.

Kumbukeni hakukuwa na umeme. Watu wale walikuwa wamechemka ndani ya nyumba zao tangu usiku. Sasa walikuwa wametoa viti vyote. Mzee Orville, rubani mstaafu wa nyumba ya tatu, alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, miguu mfereji­ni, anaongoza watoto na mashua zao za karatasi kwa mikono miwili kama wale wanaoelekeza ndege uwanjani. Consolacion, nesi Mfilipino aliyetoka zamu, alikuwa amelala chali barabarani na sare yake, maji yanampita mabegani, amefumba macho kama malaika. Kulikuwa na matikiti maji yamewekwa yapoe. Kulikuwa na mbwa. Mtu mmoja ambaye mwezi mzima hakuwahi kutuitikia salamu alikuwa anamwagia mkewe maji kwa kofia, na mkewe anapiga kelele za msichana.

Walipoiona pikapu yetu, walipiga makofi.

Nilishuka nikakimbia uani kwa Bi Lorna, nikafunga bomba. Ufunguo wangu ulikuwa pale, unaning'inia kwa utulivu mkubwa. Maji mtaani yakaanza kupungua.

"Aaaah!" mtaa mzima ukalia.

"Nani amefunga?" Mzee Orville akapaza sauti. "Hebu rudisheni! Nina mashua bado njiani!"

"Mama Delfina, dakika tano tu," Consolacion akasihi bila kufumbua macho. "Kwa jina la Mungu."

Nami sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimesimama getini, viatu vimejaa maji, ndipo gari jeupe lilipokata kona na kuja polepole, magurudumu yakipasua maji ya mwisho. Watu wakaondoa miguu kumpisha. Kicheko kikaisha, nyumba baada ya nyumba, jinsi lilivyopita.

Bi Lorna akashuka. Akatazama geti lake. Akatazama matikiti. Akamtazama rubani mwenye miguu wazi.

"Nani aliacha maji yangu wazi?"

Nitawaambia nilichokuwa nacho ulimini. Nilikuwa na: ni huyu hapa, Maricruz. Na kilikuwa na haki yake, maana mimi nilitundika ufunguo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mimi," akasema Maricruz. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mimi ndiye niliyewasha gari. Delfina alifanya kama alivyofundishwa. Usimfukuze yeye."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu niliyemwita msaidizi.

"Nawafukuza wote wawili," akasema Bi Lorna. Hakupandisha hata sauti. "Msikanyage tena mtaa huu."

Alisema hivyo kwa niaba ya mtaa, kama alivyozoea, akageuka kuingia kwake. Maji yakimwagika hayazoleki, na yetu yalikuwa yamefika mpaka barabara kuu. Nikainama kuukunja mpira ili niwe na kitu cha kutazama.

"Lorna," akaita Mzee Orville.

Bi Lorna akasimama.

"Wewe sema la bwawa lako," akasema mzee, akisimama kwenye mfereji na suruali yake iliyokunjwa. "La kwangu nitalisema mimi. Mabinti, kwangu mnakuja Alhamisi kama kawaida?"

Maricruz akajibu: "Alhamisi, mzee!"

"Na kwangu," akasema Consolacion, sasa ameketi, nywele zinachuruzika. "Huyo mchekeshaji asiachwe nyumbani."

"Na kwangu!" akaita yule asiyeitikia salamu. "Namba kumi na sita!"

"Na kwetu!" "Na hapa!" Watoto wasio na bwawa nao walipiga kelele, "Na kwetu!" Mtu akapasua tikiti kwa ngumi. Bi Lorna aliingia ndani na geti likajifunga, na mimi na Maricruz, watu wazima wenye mabuti ya mpira, tukashikana mikono tukarukaruka mferejini mpaka mfereji ukakauka. Bili ya maji tulilipa. Habari hiyo sitaiongelea zaidi.

Umeme ulirudi. Pampu za mtaa zikaunguruma, mabwawa yakaanza kung'aa moja baada ya jingine. La Bi Lorna halikuwa na mtu. Nyie hamjui bwawa la Arizona mwezi wa Agosti likiachwa. Siku ya kwanza linakuwa na ukungu. Ya pili linapata rangi ya ndizi mbichi. Baada ya hapo unaweza kulivuna. Alipigia simu kampuni zote, nasikia, na baada ya dhoruba ile kila mtu alikuwa na foleni ya wiki tatu.

Nilikuwa uani kwa Mzee Orville, nasugua ngazi za bwawa, Maricruz amekwenda garini kuchukua ndoo, nilipoona kofia nyeupe juu ya ukuta.

"Delfina."

Sikujua kwamba analijua jina langu.

"Bi Lorna. Umeamkaje?"

"Jumamosi nina wageni. Kamati ya klabu ya Palo Dulce." Ile ni klabu ya wastaafu, yenye bwawa kubwa kuliko kanisa letu. "Mimi ndiye mwenyekiti. Klabu nayo inatafuta mtu."

Nikaacha kusugua, nikashika ngazi.

"Nakuchukua wewe," akaendelea. "Nyumba yangu, na klabu. Wewe una adabu ya kazi, nimekuona. Lakini yule mwingine simtaki. Yule ndiye aliyenifurikia."

Nisijifanye mtakatifu. Niliitaka klabu ile. Niliitaka tumboni, kama mtu anavyotaka maji. Nikaliona bwawa lile la buluu na jina langu peke yangu.

"Pikapu ni yake," nikasema.

"Nunua nyingine."

"Na mikono ni yake, Bi Lorna. Na kile kicheko. Unafikiri watu hawa walinishangilia mimi?" Nikajikuta nimesimama, brashi mkononi, sauti inapanda kama inavyopanda siku zote, ila safari hii kwa raha. "Mimi nina hasira mbaya. Waulize nyumbani. Nikizunguka peke yangu, ikifika Krismasi nitakuwa nimegombana na kila mteja, nikianza na wewe. Yule ndiye anayefanya watu watufungulie mlango. Ni mwenzangu, si msaidizi wangu. Kosa ni langu kusema vile. Unatuchukua wawili, au hutuchukui."

Kofia nyeupe ikasogea juu ya ukuta.

"Na nikikataa?"

"Basi vyura watafurahi."

Nikasikia kitu nyuma ya ukuta, na mpaka leo Bi Lorna anakana kwamba alicheka.

"Njooni leo," akasema. "Wote wawili. Lakini awe amenyamaza akifanya kazi."

"Hilo, mama yangu, hata Mungu ameshindwa."

Kofia ikaondoka. Nikageuka, nikamkuta Maricruz amesimama pembeni mwa nyumba na ndoo. Uso wote ulikuwa umelowa.

"Unalia?" nikamuuliza.

"Klorini hii, wifi. Inachoma macho."

"Ndoo hiyo bado imefungwa."

Akaitazama ndoo. "Basi ni ile ya juzi," akasema, na hapo hapo akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, nami nikaanza, tukacheka tukilia, tumeegemeana, mpaka Mzee Orville akatoka kuuliza nani amekufa. Tukamwambia hakuna. Kisha tukachukua nyavu zetu tukaenda kubisha hodi kwa Bi Lorna.